Kuvisha Utando Madini ya Salfaidi ili Kuzuia Maji Tindikali Migodini: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwamba wenye pairaiti, madini ya chuma na salfa, ukikaa chini ya ardhi, mbali na hewa, hukaa mamilioni ya miaka bila kumdhuru mtu. Ukilipuliwa, ukasagwa na kurundikwa mahali penye hewa na mvua, huanza kuchacha: maji yanayotoka kwenye lundo hugeuka tindikali, hubeba chuma, shaba, zinki na aseniki, na huacha matope ya rangi ya kutu kwenye vijito. Katika mgodi wa Iron Mountain huko California, Marekani, yaliwahi kupimwa maji yenye pH ya −3.6, tindikali kali kuliko ile iliyomo ndani ya betri ya gari. Hali hiyo ikishaanza huweza kuendelea kwa miongo mingi baada ya mgodi kufungwa, na gharama ya kuyatibu maji hayo kila siku huwaangukia watu ambao hawakuchimba chochote.

Mwongozo huu unahusu njia moja ya kuzuia tatizo hilo likiwa bado changa, nayo ni kuivisha kila punje ya salfaidi (madini ya metali na salfa, kama pairaiti) utando mwembamba usioyeyuka, ili maji, oksijeni na chuma kilichoyeyuka visiufikie uso wake. Umeandikwa kwa ajili ya mafundi wa uchenjuaji, maofisa mazingira wa migodi na wanafunzi wa jiolojia na kemia wanaotaka kulijaribu jambo hili kwa utaratibu. Si kila lundo linafaa kwa njia hii, na sehemu kubwa ya kazi iko kabla ya kupaka chochote.

Kinachotokea kwenye uso wa punje

Pairaiti ni chuma na salfa. Oksijeni na maji vikiigusa, hutoa chuma chenye chaji mbili, salfeti na tindikali. Chuma hicho kikikutana na oksijeni hugeuka kuwa chuma chenye chaji tatu, na hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu chuma cha chaji tatu huila pairaiti chenyewe, hata mahali ambapo oksijeni haifiki. Kila fungu moja la pairaiti linaloliwa kwa njia hiyo hutumia mafungu 14 ya chuma cha chaji tatu na kutoa mafungu 16 ya ioni za haidrojeni, pamoja na chuma kipya cha chaji mbili ambacho kinaweza kurudi kwenye mzunguko uleule.

Mwaka 1970 watafiti Singer na Stumm walionyesha kwamba kasi ya mzunguko mzima huamuliwa na hatua ya kati, yaani kugeuka kwa chuma cha chaji mbili kuwa cha chaji tatu. Katika maji yenye tindikali hatua hiyo huenda polepole mno ikiachwa peke yake, lakini bakteria kama Acidithiobacillus ferrooxidans huiharakisha kwa takriban mara milioni moja. Kutokana na hayo, utando mzuri hutakiwa kuzuia mambo mawili kwa pamoja, yaani oksijeni isiingie na chuma cha chaji tatu kisishike uso wa pairaiti. Utando unaozuia oksijeni pekee unaweza kuonekana mzuri kwa miezi kadhaa, kisha ukashindwa ghafla pH iliyouzunguka ikishuka.

Hatua ya kwanza: Lijue jiwe lako

Chukua sampuli kutoka katika kila aina ya mwamba, na uzitenganishe sampuli za mwamba taka (mawe yanayoondolewa ili kuyafikia madini) na zile za topesumu (tope la mabaki linalotoka kinuni baada ya madini kuchenjuliwa). Kuzichanganya ili kupata wastani ni kosa ambalo hulipiwa baadaye, kwa kuwa fungu dogo lenye salfa nyingi linaweza kulichafua lundo zima.

Pima jumla ya salfa, kisha pima salfa iliyo katika umbo la salfaidi peke yake, maana salfa ya jasi au ya baraiti, ambayo ni madini ya salfeti, haizalishi tindikali. Zidisha asilimia ya salfa ya salfaidi kwa 31.25 ili upate kilo za kalsiamu kaboneti zinazohitajika kuzimua tindikali yote ya tani moja ya mwamba. Mwamba wenye salfa ya asilimia 2 utahitaji kilo 62.5. Kisha pima uwezo wa mwamba wenyewe wa kuzimua tindikali, na ugawe uwezo huo kwa hitaji. Jibu likiwa chini ya 1, mwamba huo unatarajiwa kutoa tindikali. Likiwa kati ya 1 na 2, una mashaka. Likizidi 2, kwa kawaida huhesabiwa kuwa salama, ingawa wapo wanaodai 3 kabla ya kuridhika. Jihadhari na saidaraiti, ambayo ni kaboneti ya chuma: inaweza kuhesabiwa kama kizimua tindikali wakati chuma chake, kikishaoksidika, hurudisha tindikali ileile iliyozimuliwa.

Baada ya hesabu hiyo, itazame sampuli kwa hadubini. Unataka kujua ni salfaidi zipi zilizomo, ukubwa wa punje zake, na kama punje hizo ziko wazi au zimefungiwa ndani ya kwatzi. Pirotaiti, salfaidi nyingine ya chuma, huoksidika kwa kasi ya mara 20 hadi 100 kuliko pairaiti, hivyo muda wako wa kuiwahi ni mfupi zaidi. Asenopairaiti, salfaidi yenye aseniki, nayo ni lazima ijulikane mapema, kwa sababu itaamua ni utando upi hupaswi kuutumia kabisa. Ukubwa wa punje una uzito wake pia: mchemraba wa jiwe wenye sentimita 10 kila upande ukivunjwa kuwa michemraba ya milimita 1, eneo la uso wake huongezeka mara 100, na kila sehemu ya uso huo inadai kufunikwa.

Hatua ya pili: Hakikisha halijaanza kuchacha

Hapa ndipo majaribio mengi hushindwa pasipo mwenyewe kutambua. Punje iliyokwisha kuanza kuoksidika huwa imefunikwa na chumvi za salfeti ya chuma, na chumvi hizo ni tindikali iliyowekwa akiba, ikisubiri maji. Ukipaka utando juu yake, unakuwa umepaka rangi juu ya kutu. Maji ya kwanza yatakayopenya yataziyeyusha chumvi, utando utabaki ukining'inia bila kushikwa na kitu, na pH itashuka.

Changanya sampuli mbichi, isiyosagwa upya, na maji yaliyochujwa madini kwa uzito ulio sawa, koroga, acha itulie, kisha pima pH ya uji huo. Ikiwa iko juu ya 6, unaweza kuendelea. Ikiwa chini ya hapo, osha sampuli kwa maji safi kwa awamu, ukipima upitishaji umeme wa maji ya kila awamu, hadi kipimo kikome kushuka. Suuza mwisho kwa maji ya chokaa hadi pH ya maji yanayotoka itulie karibu na 7. Maji yote ya kuoshea yana tindikali na metali, kwa hiyo ni lazima yakusanywe na kutibiwa.

Kwa mwamba uliolala nje kwa miaka mingi, mara nyingi hatua hii peke yake hula bajeti yote. Katika hali hiyo ningeshauri kuiacha njia ya utando na kufikiria kufunika lundo au kutibu maji. Utando ni kwa jiwe jipya: topesumu inayotoka kinuni leo, au mwamba taka uliolipuliwa juma hili.

Hatua ya tatu: Chagua utando unaoendana na mahali utakapokaa

Utando uliochunguzwa kwa muda mrefu zaidi ni ule wa fosfeti ya chuma, ulioendelezwa na mtafiti Evangelou na wenzake nchini Marekani katika miaka ya 1990. Mantiki yake inashangaza kidogo unapoisikia mara ya kwanza. Punje hulowekwa katika myeyusho wenye haidrojeni peroksaidi kidogo, fosfeti, na kidhibiti cha pH. Peroksaidi huunguza kwa makusudi sehemu ndogo ya uso wa pairaiti. Chuma kinachotoka hugeuka mara moja kuwa cha chaji tatu, na kabla hakijaondoka mahali pake hunaswa na fosfeti na kuganda palepale. Pairaiti, kwa maneno mengine, hutoa chuma cha kujengea ukuta wake yenyewe. Ndiyo sababu pH ni lazima idhibitiwe: ikiwa chini mno, chuma hubaki kimeyeyuka na kuondoka na maji, ikiwa juu mno, hugeuka haidroksaidi tupu ambayo haishiki vizuri.

Fosfeti ya chuma hustahimili tindikali kiasi, lakini ina udhaifu wa aina mbili ambao watu husahau. Udhaifu wa kwanza ni kwamba, mahali pasipo na oksijeni, kama chini ya bwawa lenye mboji, chuma cha chaji tatu hurudi kuwa cha chaji mbili, utando huyeyuka, na fosfeti huachiliwa majini. Kwa hiyo topesumu iliyovishwa fosfeti isipangiwe kuzamishwa chini ya maji kama kinga ya pili, kwa kuwa kinga ya pili itaibomoa ya kwanza. Udhaifu wa pili unahusu aseniki. Fosfeti na aseneti hugombea nafasi zilezile kwenye uso wa oksaidi za chuma, na fosfeti ikiletwa kwa wingi hung'oa aseneti na kuisukuma majini. Penye asenopairaiti, usitumie fosfeti bila kupima aseniki katika kila maji yatokayo. Zaidi ya hayo, fosfeti inayobaki bila kushikwa hurutubisha mwani katika mito na maziwa.

Utando wa silika hufanyika kwa mantiki hiyohiyo ya peroksaidi, isipokuwa fosfeti hubadilishwa na silikati ya sodiamu. Silika haitegemei chaji ya chuma kama fosfeti inavyotegemea, na haiyeyuki kwa tindikali, ndiyo maana mimi huupendelea pale ambapo lundo litapita katika vipindi vya maji mengi na ukavu. Tatizo lake ni uundaji: silikati huganda yenyewe kuwa ute pH inapokaribia 7 ikiwa imekolezwa, na uteute ulioganda katikati ya maji haumfai mtu. Hukaa vizuri juu ya punje pale tu inapojengeka polepole, ikiwa nyembamba.

Ipo pia njia ya pamanganeti ya potasiamu, inayofanywa katika pH ya juu sana, zaidi ya 10, kwa msaada wa chokaa na oksaidi ya magnesiamu. Uso wa punje hubaki na oksaidi ya manganizi. Haifai mahali penye kromiamu, kwa sababu pamanganeti inaweza kuigeuza kuwa kromiamu yenye chaji sita, ambayo ni sumu na husafiri na maji kwa urahisi.

Utando wa kioganiki, kama vile asidi za mafuta, amini zenye nitrojeni nyingi na silani, huifanya punje iyakatae maji. Matokeo ya maabara huvutia. Bei na uwezekano wa kuliwa na vijidudu ndivyo vinavyouzuia kufika kwenye malundo makubwa. Njia inayostahili kufuatiliwa ni ile iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, ambapo katekoli, kemikali ya kioganiki, hubeba titaniamu, silikoni au alumini hadi kwenye uso wa pairaiti. Kwa kuwa pairaiti hupitisha umeme kiasi na kwatzi haipitishi, kibebaji huvunjika juu ya pairaiti tu na kuiachia mzigo wake. Kemikali haipotei kwa kuvisha mchanga usio na hatia, na katika lundo ambalo asilimia 95 ni mawe yasiyo na salfaidi, huo si uokoaji mdogo.

Mwisho kuna chokaa. Punje ikikaa kwa muda mrefu katika maji yenye pH karibu na 7 na kaboneti ya kutosha, hujijengea ganda la oksaidi ya chuma pasipo peroksaidi yoyote, na silika kidogo ikiwemo majini ganda hilo huimarika zaidi. Ni kejeli ya kazi hii kwamba ganda hilohilo la chuma ndilo linaloyaua mawe ya chokaa katika mifereji ya kutibu maji tindikali, kwa kuyafunika hadi yashindwe kuyeyuka.

Hatua ya nne: Fanya majaribio madogo

Kwa lita 1 ya myeyusho wa kuanzia wa fosfeti, yeyusha gramu 1.36 za potasiamu dihaidrojeni fosfeti, sawa na moli 0.01, na gramu 13.6 za asetati ya sodiamu yenye maji ya fuwele, sawa na moli 0.1. Rekebisha pH iwe kati ya 5 na 6 kwa asidi asetiki. Mwishoni kabisa, ongeza mililita 10 za peroksaidi ya asilimia 30, ili upate takriban moli 0.1. Chumvi hizo mbili zina uzito wa moli unaokaribia kulingana kabisa na zote ni nyeupe, hivyo bandika jina kwenye kila chupa kabla hujaanza kupima. Kwa utando wa silika, acha fosfeti na uweke silikati ya sodiamu, ukianza na milimoli 1 hadi 10 kwa lita. Iongeze polepole huku ukikoroga na kurekebisha pH, na uutumie myeyusho siku hiyohiyo.

Vaa miwani ya kinga, glavu na koti la maabara. Peroksaidi huvunjika na kutoa gesi na joto inapokutana na chuma, shaba au manganizi, kwa hiyo chupa yenye sampuli na peroksaidi isifungwe kizibo kikaza. Usiiweke karibu na mbao, karatasi au mafuta, na usiichanganye kamwe na pamanganeti.

Weka gramu 50 za sampuli katika kila chupa pamoja na nusu lita ya myeyusho. Andaa angalau makundi manne: sampuli yenye maji matupu, sampuli yenye kidhibiti cha pH na peroksaidi bila fosfeti wala silika, sampuli yenye utando kamili, na sampuli yenye utando kamili lakini peroksaidi nusu. Kundi la pili hurukwa mara nyingi, nalo ndilo linalokwambia kama faida unayoiona inatokana na utando au inatokana na peroksaidi kula punje nyepesi kuoksidika na kukuachia zile sugu.

Baada ya saa 24, pima pH, chuma kilichoyeyuka na salfeti. Salfeti hukuonyesha ni kiasi gani cha pairaiti kimetolewa kafara. Chuma kilichoyeyuka kinapaswa kuwa kidogo sana ukilinganisha na salfeti hiyo. Kikiwa kingi, utando haukuganda, chuma kilikimbia. Suuza punje, kisha zitie katika peroksaidi iliyopunguzwa nguvu kwa maji, mpya, isiyo na kitu kingine, na upime salfeti inayotoka kwa saa kadhaa. Tofauti kati ya zilizovishwa na zisizovishwa ndiyo kipimo chako cha kwanza cha kweli. Ukipata hadubini ya elektroni, kata punje katikati na uangalie unene wa ganda na nyufa zake. Picha ya juu peke yake hudanganya, kwa kuwa chembe zilizotawanyika juu ya uso huonekana kama zulia.

Hatua ya tano: Jaribio la muda mrefu

Lipo jambo linalowachanganya wengi hapa. Vipimo vya uwiano wa tindikali, pamoja na kile cha kuchemsha gramu 2.5 za unga wa mwamba katika mililita 250 za peroksaidi ya asilimia 15, vitaendelea kusema kwamba mwamba wako ni hatari hata baada ya kuuvisha. Havikosei. Salfa bado imo yote, na kusaga sampuli kuwa unga hupasua utando uliojengwa kwa jasho. Utando haupunguzi hatari iliyomo ndani ya jiwe, hupunguza kasi yake tu, na kasi huonekana kwa jaribio la mwendo.

Tumia chombo cha unyevunyevu: kilo 1 ya sampuli ndani ya mcheduara, siku 3 za hewa kavu, siku 3 za hewa yenye unyevu, na siku ya 7 kumwagia maji na kuyakusanya. Rudia kwa majuma yasiyopungua 20. Kwa sampuli zilizovishwa ningependa kuona mwaka mzima, kwani utando hufa polepole na majuma 20 huweza kuishia kabla ya kifo chake. Kila juma pima pH, upitishaji umeme, salfeti, chuma, na metali zile ulizozitambua katika hatua ya kwanza. Gawa miligramu za salfeti kwa kilo za sampuli ili upate kasi ya juma, na uichore dhidi ya sampuli isiyovishwa. Majuma mawili au matatu ya mwanzo yasikutie hofu, kwa sababu salfeti iliyozalishwa na peroksaidi bado inaoshwa.

Hatua ya sita: Peleka uwanjani

Kwenye topesumu, mahali pazuri pa kuweka kemikali ni tangi lenye mkorogo kabla ya bomba la kwenda bwawani, ambako kila punje imezungukwa na maji. Chukua mfano wa tani 1 ya topesumu kavu iliyomo katika tani 1 ya maji, yenye salfa ya asilimia 2, yaani karibu kilo 37 za pairaiti. Ukitaka peroksaidi ya moli 0.1 kwa lita, utahitaji kilo 3.4 za peroksaidi halisi, au kilo 6.8 za ile ya asilimia 50. Ikiwa yote itafanya kazi kwenye pairaiti, itaunguza takriban kilo 1.6, sawa na asilimia 4 ya pairaiti iliyopo, na tindikali itakayotoka itahitaji hadi kilo 2.7 za unga wa mawe ya chokaa kuizimua. Fosfeti ya moli 0.01 kwa lita ni kilo 1.36. Chuma kitakachotoka kitazidi kidogo fosfeti hiyo, na sehemu isiyoshikwa itakuwa haidroksaidi.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kwamba asetati ya maabara haiwezi kusafiri hadi mgodini: ingedai kilo 13.6 kwa kila tani. Uwanjani pH hudhibitiwa kwa unga wa mawe ya chokaa au maziwa ya chokaa yanayotiwa kidogokidogo kufuata kipimo cha pH ndani ya tangi, na kwa kuwa hali si ileile, majaribio ya hatua ya nne na ya tano ni lazima yarudiwe kwa chokaa kabla ya kununua shehena ya kemikali. Yarudie pia kwa maji halisi ya kinu.

Maji ya kinu yana vizuizi vyake. Peroksaidi huvunja sianidi na dawa za kuelea (kemikali zinazofanya punje za madini zielee ili zitenganishwe), hivyo mahali dhahabu inapochenjuliwa kwa sianidi, itatumika kwanza kwenye sianidi na isibaki ya kutosha kwa pairaiti. Ondoa sianidi kwanza. Silikati ya sodiamu hutawanya udongo wa mfinyanzi, na topesumu iliyokuwa ikitulia kwa saa chache huweza kukataa kutulia. Na kama maji ya bwawa hurudishwa kinuni, kila kilichobaki ndani yake kitarudi kwenye matangi ya kuelea.

Mwamba taka ni mgumu zaidi. Kumwaga myeyusho juu ya lundo lililokwisha kujengwa ni kazi bure, kwa sababu maji hufuata njia chache rahisi kati ya mawe na kuacha sehemu kubwa kavu. Nyunyizia kila tabaka jembamba linaposambazwa, kabla tabaka linalofuata halijawekwa. Kwanza jaribu kwa maji yenye rangi: nyunyizia, kisha chimba shimo pembeni na uone rangi imefika wapi. Elekeza nguvu kwenye vumbi na changarawe, maana humo ndimo eneo kubwa la uso lilimo, na epuka kulipitishia lundo lililovishwa magari mazito yatakayosaga mawe na kufungua nyuso mpya.

Usiuache utando peke yake. Kifuniko cha udongo ulioshindiliwa, au tabaka lenye chokaa juu ya lundo, hupunguza oksijeni na kuweka pH mahali ambapo utando hudumu.

Hatua ya saba: Fuatilia ukiangalia salfeti

pH ni mtoa habari anayechelewa. Kaboneti ndani ya lundo huendelea kuzimua tindikali kimyakimya, na maji hutoka yakiwa na pH ya 7 hali utando umekwisha kupasuka. Salfeti husema mapema: ikianza kupanda huku kalsiamu na magnesiamu zikipanda nayo, pairaiti inaoksidika na kaboneti inaliwa. Weka pia mabomba membamba ya kupimia oksijeni na joto katika vina mbalimbali vya lundo, kwa kuwa pairaiti inayooksidika hula oksijeni na kutoa joto, na mabadiliko hayo huonekana kabla maji hayajaanza kuharibika.

Pima kila mwezi, na kila siku katika majuma ya mwanzo ya mvua baada ya kiangazi, wakati maji yanapoosha kila kilichojilimbikiza. Acha sehemu ndogo ya lundo bila kuvishwa, iliyotengwa kwa tabaka lisilopitisha maji na yenye mfereji wake, ili pawepo cha kulinganisha nacho. Salfeti ya sehemu iliyovishwa ikikaribia ya ile isiyovishwa kwa vipimo vitatu mfululizo, chukua sampuli mpya kutoka kina ambacho joto limepanda, rudia kipimo cha pH ya uji, na uamue kama punje bado ziko safi kiasi cha kuvishwa tena au wakati wa kuzivisha umekwisha kupita.